Vidonge vya Njiani

Apoline hakuwa mchoyo. Alikuwa mwoga, na uoga huo alikuwa nao tangu ana miaka saba, mwaka wa sabini na mbili, familia yao ilipotoka mbio Burundi. Mdogo wake, Nduwayezu, alikuwa mgongoni kwa mama yao anachemka homa. Dawa yake ilikuwepo, ila ilibaki nyumbani juu ya kabati, maana nani anakumbuka kabati wakati majirani wanakimbia? Walipovuka kuingia Mabamba, upande wa Tanzania, mtoto alikuwa ameshakata roho. Mama yao aliendelea kumbeba nusu siku nzima, kwa kuwa hakutaka kumzika mahali asipopajua jina.

Basi Apoline akakua, akaolewa na Kipriani hapo hapo Mabamba, akalima, akazaa, akapewa uraia wa Tanzania na kitambulisho chenye picha yake akiwa amenuna. Hakuna kilichomtuliza. Nyuma ya mlango wa chumbani kulining'inia kifurushi cha khanga kilichojaa dawa. Mtoto akiandikiwa vidonge vya siku saba, alipewa vya siku nne, vilivyobaki vikaingia kwenye khanga. Kwa lugha ya nyumbani aliviita impamba, riziki ya safari. Kwamba dozi iliyokatwa haitibu, wala dawa haidumu kwenye kitambaa miaka na miaka, hilo hakuliwaza. Watoto walipona kwa bahati tu, yeye akadhani ni kwa busara yake.

Kisha Kipriani akapatwa na presha.

"Kidonge kimoja kila siku, mzee, hata ukijisikia mzima," alisema Winifrida, nesi wa zahanati.

Presha haikumuuma popote, na hilo ndilo lililowaponza. Kwa kuwa Apoline ndiye aliyempa dawa asubuhi pamoja na uji, akaanza kumpa siku moja na kumruka siku ya pili. Siku za kurukwa alimletea uji mtupu, akasema dawa atampa baadaye, na hiyo baadaye haikufika. Kipriani alikunywa uji wake, akachukua jembe.

Miezi mitatu baadaye Winifrida alimpima, akapima tena, akakunja uso.

"Mzee, unameza kila siku?"

Kipriani alitazama ukuta. Apoline alikuwa amekaa pembeni yake.

"Ego, ndiyo. Kila siku," alijibu Kipriani.

Nesi wa watu angefanya nini? Alidhani dawa imeshindwa, akamwita daktari msaidizi, wakamwongezea dawa ya pili. Apoline alifurahi. Ni aibu kusema, lakini alifurahi, kwa sababu sasa fungu la njiani lingekuwa mara mbili.

Njiani walitaniana mke na mume kama kawaida, na walipofika kwenye kona ya kwao Kipriani akasema taratibu, "Mama Irakoze, usiku huu ulale. Hujalala vizuri tangu redio itangaze habari za kule Burundi."

Hapo ndipo alipotambua kwamba mumewe anajua. Angeweza kuacha siku hiyo hiyo. Hakuacha.

Kipriani alianguka wakati wa kuvuna maharage, saa nne asubuhi, akiwa ameshika tita mkononi. Mdomo ulikwenda upande, mkono wa kulia ukalegea, na maneno yakakatika. Hospitalini Kibondo daktari alimuuliza Apoline kuhusu dawa, naye akasema ukweli wote mbele ya wagonjwa wengine, bila kupumzika. Daktari hakumfokea. Apoline alitamani angefokewa.

Baada ya wiki mbili binti yao Irakoze, mwalimu huko Kasulu, aliwachukua wote wawili kwake. Apoline alikwenda na kifurushi chake. Irakoze akampeleka nacho kwenye duka la dawa, kwa mfamasia aitwaye Shamsi. Shamsi alikifungua mezani, akageuzageuza vidonge vilivyochanganyika, vingine vimekuwa unga, vingine vimebadilika rangi.

"Mama, hivi siwezi hata kukuambia ni vya nini. Niachie, vitateketezwa. Usivitupe chooni wala shambani."

"Hakuna hata mtu mmoja vitakayemfaa?"

"Hakuna, mama."

Apoline alirudi nyumbani na khanga tupu. Alilia mchana kutwa, akiona aibu kwamba sehemu ya kilio hicho ilikuwa kwa ajili ya vile vidonge.

Tangu siku hiyo alimpa Kipriani dawa zake kila asubuhi kama zilivyoandikwa, bila kuruka hata siku moja. Lakini presha haikushuka. Irakoze alianza kumtazama mama yake kwa jicho la pembeni.

Jumamosi alipokuwa akibadilisha mashuka, kitu kilimgusa vidole ndani ya foronya. Vilikuwa vidonge tisa, vimelowa mate na kukauka. Aligeuka. Kipriani alikuwa anamtazama. Alinyoosha mkono wake wa kushoto, ule mzima, akavisukumia vidonge kwenye kiganja cha mkewe, akamfumba vidole kimoja kimoja.

Alikuwa anamwekea fungu lake la njiani.

Apoline alikaa kitandani karibu naye.

"Baba Irakoze," alisema, "hatuendi popote. Unanisikia? Mimi na wewe hatukimbii tena. Nimechoka, na wewe huwezi kutembea. Tutakuwa hapa."

Akachukua dawa za siku hiyo, akamwekea mdomoni, akamnywesha maji. Kisha akamfungua kinywa kama mtoto na kuangalia chini ya ulimi na ndani ya shavu lililolegea. Hapakuwa na kitu. Kesho yake alimkagua tena, na keshokutwa, na kila asubuhi iliyofuata. Hakumwamini, na hakuwa na haki ya kumlaumu.