Mrija wa Daktari

Nilipuliza vioo chuoni kwa miaka thelathini na moja. Chupa za maabara zilizopasuka shingo, vikombe vya vipimo vilivyoanguka, vyote viliishia kwenye chumba changu chenye jiko la gesi. Mke wangu alizoea kusema kwamba kioo ni mke mwenzake, tena yule kipenzi.

Daktari wa kemia alinijia wiki ile ile alipoajiriwa. Alikuwa mwanamke mfupi, koti jeupe likimgonga magotini.

"Shikamoo, fundi. Naomba chupa ambayo jua litaingia pande zote."

"Unataka kupika au kuanika?"

"Kuanika," alijibu, akacheka.

Kumbe hakutania. Wenzake walipounda dawa, walichemsha michanganyiko kutwa kucha, tena kwa kutumia metali adimu zenye sumu. Yeye aliamini mwanga ungeweza kuifanya kazi hiyo bila moto, ukisaidiwa na rangi kidogo tu, kama ile ya kutilia nguo. Rangi ingenasa mwanga, ichokoze vitu vingine viungane, kisha yenyewe ibaki vile vile.

Akawa anapanga chupa zangu juu ya paa la maabara. Watu wakambandika jina, Mama Kuanika. Wingu likipita, kazi inalala. Mwishowe tulikwenda duka la mapambo tukanunua taa za buluu, zile za kuzungushia kumbi za harusi. Muuzaji alituuliza bibi harusi ni nani.

Hata kwa taa hizo, matokeo yalikuwa haba. Alasiri moja Daktari aliinua chupa mbele ya dirisha, akaitazama weee.

"Fundi, mwanga haufiki katikati. Rangi inaumeza wote hapa pembeni."

"Basi tusiwe na katikati," nikasema.

Aligeuka akanikodolea macho. Kesho yake nilivuta mrija wa kioo mwembamba kuliko kalamu, nikauviringisha kama mkia wa kinyonga. Minne ya kwanza ilivunjika mikononi mwangu. Wa tano ukakubali. Tuliuzungushia taa, mchanganyiko ukapita ndani yake polepole, na siku ya pili Daktari akaja mbio na karatasi ya vipimo.

"Tisini na mbili kwa mia imeungana!"

Alinikumbatia, halafu akaona haya, akanipa mkono.

Makala yake ilikataliwa mara mbili. Ilipochapishwa, miaka sita ilipita kimya, kisha barua zikaanza kumiminika. Wanafunzi wake wakatawanyika kila pembe. Nilistaafu, naye akanifuata. Tukabaki kupigiana simu za kujuliana hali na kuulizana magoti yanasemaje.

Mwaka juzi chuo kilitupeleka sisi wastaafu kutembelea kiwanda cha dawa. Msimamizi, binti mwenye miwani, alitusimamisha mbele ya mirija iliyojiviringisha kutoka sakafuni hadi darini, ikimulikwa buluu.

"Hapa tunatengeneza dawa ya kifafa," alisema. "Hatuchemshi chochote. Gusa, bibi, huungui."

Daktari akagusa. Akaufuata mviringo kwa kidole.

"Oksijeni mnaiondoaje?" akauliza taratibu.

"Tunaifukuza kwa naitrojeni kwanza, isiharibu mchanganyiko. Kwani bibi ulisoma kemia?"

"Kidogo."

Uvumilivu ukanishinda. "Mwanangu, njia hiyo unayotueleza aliivumbua huyu huyu bibi yako!"

Binti alishika mdomo. "Ni wewe? Mimi nilidhani ulishafariki!"

"Bado nipo kwenye foleni," Daktari akasema, na kicheko kikalipuka. Kisha akanishika mkono. "Ila mrija ni wa huyu. Nilimwandika kwenye makala, mstari wa mwisho kabisa. Basi tu, hakuna anayeusoma."

Mimi mwenyewe sikuwahi kuusoma. Miaka yote ile sikujua. Nilijifanya nafuta miwani.

Wafanyakazi wakaitwa. Mmoja alilalamika kwamba mirija hushika uchafu, mwanga ukafifia. Daktari akaomba kalamu, akaanza kuchora kwenye ubavu wa boksi, akiuliza, akikosoa, sauti ikimrudia ya ujana. Basi la wastaafu likapiga honi, hakusikia. Nilivuta kiti karibu na ukuta, nikamtazama.

Hakufundisha tena baada ya siku hiyo. Alitutoka mwezi wa nne uliofuata, usingizini, bila kumsumbua mtu.