Jeranio la Marehemu Luz Dary

Saa nne asubuhi Nubia alilivuta shina la ua la jeranio, nalo likang'oka lote mkononi mwake, jeusi, linanuka. Saa sita mama mkwe wake, Bi Rosalba, angerudi kutoka hospitali. Mungu wangu! Afadhali Nubia mwenyewe angevunjika mguu.

Jeranio hilo lilipandwa na wifi yake, Luz Dary, kabla hajafariki. Kwa miaka minne Bi Rosalba hakuruhusu mtu aliguse. Aliliweka gizani chini ya picha ya marehemu, nalo likarefuka ovyo likitafuta dirisha: shina tupu, majani matatu kileleni. Bi Rosalba alipolazwa wiki tatu hospitalini, Nubia alidhani anatenda wema. Alilikata juu kidogo ya kifundo, vizuri kabisa, ili lichipue upya. Halafu kiherehere chake! Kila siku maji, maji, mpaka kisiki kikaoza. Na vile vipande, badala ya kuviacha vikauke kwanza kidonda cha mkasi, alivitumbukiza papo hapo kwenye glasi ya maji. Navyo vikaoza.

Mtoto wa jeranio lile alikuwa mmoja tu katika mji mzima wa Medellín, ghorofa ya chini ya jengo lao, kwa jirani yao Bi Amparo. Bi Amparo alivunja tawi siku ya mwisho ya sala za msiba, akalificha kwenye mkoba. Kwetu tawi la kuibwa ndilo linaloshika mizizi. Ukiliomba, au ukisema asante, linakufa. Lakini Bi Rosalba alimwona, na tangu siku hiyo hawasalimiani.

Nubia alishuka ngazi mbili mbili.

"Ehee!" Bi Amparo alimpandisha na kumshusha kwa macho. "Mkamwana wa Rosalba! Leo mmemkumbuka mwizi?"

"Nimekuja kukusalimia tu, Bi Amparo."

"Na mkasi mfukoni? Makubwa haya!"

Jeranio lilikuwa dirishani, fupi, nene, limejaa matawi. Machozi yalimlengalenga Nubia. Akafungua mdomo aombe.

"Funga mdomo!" Bi Amparo alimkemea. "Unataka life mara ya pili?" Akampa mgongo. "Ngoja nikaangalie kahawa yangu."

Jikoni hapakuwa na kahawa yoyote. Nubia alikata tawi moja, akakimbia bila kuaga.

Ndiyo kwanza amelichomeka kwenye chungu, mlango ukafunguliwa. Bi Rosalba aliingia akijikokota, akaenda moja kwa moja kwenye picha ya bintiye. Akalitazama lile tawi fupi. Akasugua jani, akanusa vidole.

"Hili la Amparo."

"Mama, nimeliua," Nubia alisema. "La wifi nimeliua mimi."

Bi Rosalba akaling'oa tawi. Nubia akafumba macho.

"Kidonda kibichi unakifukia? Ndiyo maana." Akalilaza kwenye kisahani kando ya dirisha, likauke. Mkono wake ulikuwa mwepesi, kama anamlaza mtoto. "Luz Dary alikuwa akilikata kila mwaka. Mimi ndiye niliyeogopa mkasi."

Akaketi, akalia kwa mara ya kwanza mbele ya mkamwana wake. Kisha akajifuta uso kwa kiganja.

"Kamwite Amparo. Mwambie kuna kahawa. Na ukiniona nataka kumwambia asante, Nubia, nikanyage mguu."