Mpaka Mgeni Aseme

Mama Pacha aliingia ofisini akakuta ubao umefutwa. Maelezo yake yote ya tovuti ya kliniki yalikuwa yametoweka, na mahali pake pameandikwa neno moja tu: Rust.

"Shemeji, nani amefuta?"

"Mimi," alijibu mdogo wa mumewe, bosi wa kampuni ile ndogo ya kutengeneza tovuti, huku akipuliza chai. "Tutaiandika kwa Rust. Ndiyo lugha ya kisasa ya kuandikia programu, ina kasi ajabu."

Damu ilimchemka. "Kasi ya kwenda wapi? Wagonjwa wanataka kuchagua siku ya kumwona daktari, basi! Hapa sote tunaandika Python. Hiyo Rust nani anaijua?"

"Mtajifunza."

"Na ikigoma kliniki imejaa watu, simu atapokea nani? Wewe?"

"Usinipande kichwani, shemeji. Nimeshamwita fundi anayeijua. Yuko njiani."

Fundi akaja, mwanaume mpole mwenye begi mgongoni, akapewa kiti cha bosi mwenyewe. Akauliza tovuti itafanya kazi gani, na nani ataitunza yeye akiondoka. Alipojibiwa, akakuna kidevu.

"Rust naipenda, lakini hapa sioni sababu yake. Python mnayo mikononi. Mimi nikiondoka mtahangaika bure."

Shemeji akapiga meza kwa furaha. "Huyu ndiye mtu! Sasa nimeelewa. Basi, Python."

Mama Pacha alidhani moyo ungetulia. Wapi! Ndiyo kwanza ukawaka.

"Si ndiyo niliyokwambia sasa hivi? Na juzi pia?"

"Jamani, si umepata ulichotaka? Mbona bado umenuna?"

"Nilitaka unisikilize! Tovuti zako zikianguka ni mimi ninayeamshwa usingizini. Lakini masikio yako hayazibuki mpaka apite mwanaume aseme yaleyale?"

Fundi akainama, akawa anachezea kamba za begi. "Samahani, dada. Sikujua kwamba ulishasema."

"Wewe huna kosa, kaka. Hukuambiwa."

Bosi akacheka kicheko cha kujikosha. "Haya, yaishe. Tuanze kazi."

"Hayajaisha. Mradi huu nitauongoza mimi, na nikishaamua lugha au chochote cha kiufundi, hakuna wa kufuta. Hutaki, tafuta mwingine wa kuuandika."

Shemeji akamtupia jicho fundi, lakini fundi alikuwa ameshavaa begi lake na kushika kitasa cha mlango.

"Sawa," alisema bosi, kama mtu aliyemezeshwa dawa chungu.

Mchana mumewe akapiga simu. Habari zilishamfikia. "Mke wangu, mdogo wangu analalamika umemvunjia heshima mbele ya mgeni. Si ungemwambia mkiwa wawili?"

"Nilimwambia tukiwa wawili. Hakunisikia."

"Lakini umeshinda, mama. Punguza hasira."

"Sipunguzi," alisema, akakata simu. Akaanza kuandika, akigonga vitufe kwa nguvu hata jirani yake wa mezani akahamisha kikombe chake cha maji.