Swichi ya Mara Moja

King'ora cha Sary-Kungey kililia mara mbili tu, na mara zote mbili kililia bure. Nalisema hili mapema ili asije mtu akanifariji. Nimechoka kufarijiwa. Watu wanakuja kwangu na mikate na sukari, wanakaa, wanasema ni mapenzi ya Mungu, nami nawamiminia chai na kufunga mdomo, maana nikiufungua patachafuka.

Mimi ni Saadat. Naandika programu za kompyuta hapa mjini Bishkek, kwenye ofisi iliyo juu ya duka la mapazia. Mwenzangu ni Ernis, kijana mwenye kichwa chepesi na mdomo mwepesi zaidi. Yeye ndiye aliyeandika programu ya king'ora. Mimi nilikuwa kwenye kazi nyingine mwaka ule, nikamwachia, na alifanya kwa moyo, siwezi kumnyima hilo.

Baba yangu, Orozbek, alikuwa mfugaji wa farasi. Kila kiangazi alipiga hema lake Sary-Kungey, juu kabisa ya kijiji chetu. Juu zaidi ya hapo kuna ziwa lililozuiwa na ukuta wa mawe na barafu, na sisi sote tulikua tukijua kwamba ukuta ule siku moja utaachia. Kwa hiyo baba alipiga hema ubavuni mwa mlima, kwenye majani makavu yasiyo na maana, na farasi wake wakawa wanamnunia. Majani mazuri yako chini, kwenye uwanda kando ya mto. Aliyatamani miaka yote lakini hakuthubutu.

Kisha tukaweka king'ora. Sanduku lenye kompyuta ndogo na kipimo cha maji likafungwa juu ziwani, na king'ora chenyewe kikasimamishwa kwenye mlingoti pale uwandani. Maji yakiruka mpaka wake, kipimo kinaipigia programu ishara, na programu inakiliza king'ora. Baba alihamia chini mwaka uleule.

"Niogope nini?" aliniambia. "Binti yangu ameweka sikio lake mlimani."

Nilimwambia si langu, ni la Ernis. Akasema ni la ofisi moja, basi ni langu.

Siku ya kukifungua palikuwa na karamu. Farasi alichinjwa, mzee wa kijiji akafungua viganja akaomba dua, wakubwa wakatoka wilayani na viatu vyao vyembamba. Ernis alikuwa kule juu ziwani na redio ya mkononi. Mwenyekiti wa kijiji akamwambia, "Haya, washa!" Ernis akachomeka waya wa betri. Mara ile ile king'ora kikalia, kondoo wakatawanyika, wanawake wakapiga vigelegele. Kazi aliyopangiwa Ernis ilikuwa bado: abonyeze kitufe cha majaribio aone king'ora kinaitika. Lakini mwenyekiti alishashika redio tena.

"Kimelia, kimelia! Shuka, nyama inapoa!"

"Nimalizie jaribio kwanza, mwenyekiti."

"Jaribio gani tena, na sote tumesikia? Sehemu yako ya nyama imeshakatwa. Utatudharau?"

Kwetu huwezi kuiacha sehemu yako ya nyama ikakutazama. Ernis akashuka. Na baba, aliyekuwa amekaa karibu na mzee, akasema, "Sasa msikipige ovyo ovyo. Mkiita kitu kila mara, kitakuja kuuliza mnakiitia nini." Wote wakaitikia. Lile jaribio la kila mwezi lililoandikwa kwenye mpango likafutwa siku hiyo hiyo, mbele ya sahani.

Ofisini tulikuwa na taa ya kijani ukutani. Programu ya mlimani ilikuwa ikituma neno kila baada ya muda, kusema niko hai, na taa ikabaki kijani. Tuliizoea hata tukaacha kuitazama.

Mwezi wa saba ule ulikuwa na joto la kijinga. Bonde jingine likataka king'ora kama chetu, nami nikaambiwa niipitie programu ya Ernis kabla hatujaiuza tena. Nikaketi asubuhi na chai yangu. Sikufika mbali.

Nitaeleza kwa kifupi. Programu ile hulala, na ishara ndiyo inayoiamsha. Kabla haijalala lazima uwe umeiambia ishara ikija ifanye nini, na unaiambia kwa namba moja. Ndani ya namba hiyo kila biti ni swichi, kama zile zilizopangwa ukutani mlangoni, hii ya barazani, hii ya jikoni, hii ya choo. Sisi wa kazi hii tunaziita bendera. Unawasha unazozitaka, unaziunganisha, unakabidhi. Iko inayosema: ukikatizwa kazini, endelea pale ulipoachia. Iko nyingine inayosema: ishara hii nitaishughulikia mara moja tu, baada ya hapo mambo yarudi kama yalivyokuwa kabla sijasema lolote. Na ishara ile, kama hukusema lolote, huiua programu. Papo hapo, bila hata kikohozi.

Ernis alikuwa ameiwasha ile ya pili.

"We Ernis! Hebu njoo hapa."

Akaja na sambusa mkononi. "Kuna nini, dada?"

"Hii ya mara moja umeiwashia nini?"

"Ah, hiyo! King'ora kilikuwa hakinyamazi hapa ofisini. Kipimo kinatetemeka, kinapiga ishara mfululizo. Nikaiwasha hiyo, kikatulia."

"Kilitulia kwa sababu programu ilikufa, kichwa maji wewe! Hapa kuna programu nyingine, mlinzi, anayeinyanyua kila ikianguka. Huko mlimani mlinzi yuko wapi?"

Sambusa ikasimama njiani. "Nilimtoa," akasema taratibu. "Kuokoa betri."

Tukaitazama taa ya kijani. Ilikuwa haitudanganyi. Programu ilikuwa hai kweli, tangu siku ya karamu, ila mara yake moja ilishatumika. Ikiitwa tena ingekufa na king'ora kingekaa kimya. Baba yangu alikuwa amelala uwandani, kando ya mto, akitegemea kitu hicho.

Sanduku lile linatuma tu, halipokei, kwa hiyo huku mjini hatukuwa na la kulifanya. Ernis alichukua kompyuta yake akashuka ngazi mbio kwenda kwenye gari. Ni mwendo wa siku nzima. Mimi nikampigia mdogo wangu Joldosh kijijini. Nikamwambia apande farasi aende ziwani, achomoe waya wa betri, auchomeke tena. Programu ikianza upya ingepata tena mara yake moja. Moja ilitutosha.

Kisha nikampigia mwenyekiti. Hakubisha, namshukuru kwa hilo. Aliwapandisha watu wa kijiji kilimani. Ila uwandani simu haishiki, na wapanda farasi wake walikuwa wote na mifugo mbali. Baba angengoja Joldosh amalize ziwani kwanza, maana njia ya kwenda huko haipiti uwandani.

Joldosh alinipigia akiwa ziwani, anahema. "Dada, maji yamefika ukingoni kabisa. Sijawahi kuyaona hivi."

"Chomoa waya."

Taa ukutani ikazimika.

"Chomeka."

Taa ikarudi, kijani. Nilimshika msichana wa hesabu wa ofisi nikambusu, naye hakujua hata ni kwa nini. Nilifurahi, jamani. Nilicheka peke yangu.

Robo saa baadaye nilikuwa bado natabasamu simu ilipolia, nayo ilikuwa ya baba.

"Baba! Uko wapi? Umepataje mtandao?"

"Niko ubavuni, kwenye lile jiwe. King'ora kimelia, nikapanda nusura moyo unitoke. Nimekaa, natazama mto, mto uko vilevile. Ni nini hiki, binti yangu?"

Nilikaa chini. Kimelia. Kipimo kikipata umeme kinashtuka, na mshtuko wake wa kwanza unafika kwenye programu kama ishara. Ndiyo kisa kililia siku ya karamu, Ernis alipochomeka waya. Na sasa kimelia tena, na ile mara moja imekwenda tena, na hata Joldosh angechomoa na kuchomeka mpaka mikono imkatike, kila mara ingekuwa hivyo hivyo. Hapakuwa na namna ya kuiwasha programu ile ikabaki na kitu cha kumpa baba.

"Baba, nisikilize. Kaa hapo hapo. Usishuke."

"Watoto wa farasi wamefungwa kambani, Saadat. Mama zao wamekuja kukamuliwa, wanalia. Niwaache juani?"

"Waache! Waache wafe! Ziwa limejaa, baba, na king'ora kimeharibika."

"Kimeharibika vipi? Nimekisikia sasa hivi kwa masikio yangu."

Umwambie mtu huyo nini? Nilijaribu. Nilimwambia kinalia mara moja tu, mara ya pili hakilii. Akaniuliza nani anatengeneza kitu cha namna hiyo. Nikapiga kelele, nikalia, nikamwita mkaidi, neno ambalo mtoto wa kwetu hamwambii baba yake. Halafu akacheka, yule mzee, akacheka kabisa.

"Umerithi hasira za mama yako. Basi nitawafungua wale watoto tu, nipande nao. Kikilia nitakuwa nimeshafika hapa, miguu yangu bado mizima. Na kama hakilii, unagomba nini, kipenzi changu?"

Akakata. Nilipopiga tena hakupatikana.

Nikampigia Joldosh. "Achana na hilo sanduku. Shuka ukamtoe baba. Mbebe, mfunge kamba, mpige ukitaka, nitabeba dhambi mimi."

"Nakwenda."

Nikakaa kuitazama taa. Msichana wa hesabu aliniletea chai, ikapoa na utando juu. Nje kule jua lilikuwa kali, wenye duka la mapazia walikuwa wanagombana na mteja kuhusu pindo. Nilijua sasa taa ile ni nini. Mlimani hakukuwa na king'ora tena, kilichobaki ni hiki cha kwangu, hapa mjini, na hakilii, kinazimika.

Kikazimika.

Joldosh alipokea mara moja. Alikuwa amefika kwenye kona ya ubavuni, pale mtandao unapoishia.

"Ziwa limeachia," nikasema. "Unamwona baba?"

"Namwona. Yuko chini, kwenye kamba ya watoto wa farasi. Amebakiza wawili."

"Mwite!"

"Niko mbali, dada, na mto una kelele."

"Mwite hivyo hivyo!"

Nikamsikia akiita. Joldosh ana sauti nene, tangu utotoni ndiye aliyekuwa akiita mifugo. Baba! Baba! Nyuma ya sauti yake kulikuwa na mngurumo, mdogo, wa mbali, nikamwomba Mungu uwe upepo kwenye simu.

"Amenisikia! Amegeuka, ameniona!"

"Anakimbia?"

"Hapana. Amesimama. Anautazama mlingoti wa king'ora." Akaita tena, mpaka sauti ikapasuka. Kisha akarudi kwangu. "Kimya, dada. Mbona hakilii? Si nimekiwasha? Si nimechomeka mwenyewe?"

Mngurumo ulikuwa umekua.

"Anafanya nini, Joldosh?"

"Ananipungia mkono," akasema, sasa analia. "Ameinua bakuli. Anasema nishuke ninywe maziwa."