Vijitu vya Ndani ya Ufa

Nyumba ya Waruguru, orofa ya tatu, Kariobangi, haikuwahi kukaa bila watu. Hata siku sukari imeisha ungekuta viatu jozi sita mlangoni na ndani vicheko. Walikuja kwa chai, ndiyo, na kwa udaku, maana hakuna jambo la ploti ile, jengo la vyumba vya kupanga, lililompita Waruguru. Lakini hasa walikuja kuona nani amechorwa nini wiki hiyo.

Alichora picha ndogo ndogo, ukubwa wa karata, kwa wino mweusi na rangi za maji. Si simba wala machweo ya kuuzia watalii. Alichora kobe aliyebeba choo cha ploti mgongoni, na nyuma yake foleni ya watu wenye ndoo. Alichora mawingu yaliyoanikwa kwenye kamba kama mablanketi. Ochola, msimamizi wa ploti, alikuwa kinyonga mwenye funguo kiunoni, anayegeuka rangi kila mwenye nyumba akipiga simu. Mbithe, jirani wa ukuta kwa ukuta, fundi wa sare za shule, alikuwa konokono, na mahali pa gamba alibeba cherehani. Hodo, muuza mashuka wa pale chini, alikataa katakata kuchorwa na macho. "Wallahi Waruguru, ukinitia macho tutakosana." Basi akawa birika linalotembea kwa miguu miwili likifuka mvuke, naye akalipenda lile birika kuliko picha yake ya kitambulisho.

Wote hao, katika picha, waliishi ndani ya ufa.

Ufa wenyewe ulikuwa wa kweli. Ulianzia pembeni mwa dari la Waruguru, ukashuka ukutani ukipindapinda hadi sakafuni, na ulitokeza upande wa pili, chumbani kwa Mbithe. Mwezi wa kwanza ulikuwa mwembamba kama uzi. Waruguru aliukodolea macho siku moja akisubiri maji yachemke, akaona barabara, akaona ngazi, akaona mji. Tangu hapo kila Ijumaa alifanya vile vile. Alibandika karatasi ukutani juu ya ufa, mahali pale pale, kwenye usawa wa swichi ya taa. Akasugua penseli kwa ubavu mpaka ufa ukajitokeza mweupe katikati ya weusi. Kingo zake akazipitisha wino, akangoja ukauke kabisa, kisha akatia rangi na kumwaga vijitu vyake ndani. Na katika kila picha hakukosa panya mmoja mwenye mkoba, anayekwenda kazini. Panya huyo alikuwa na kiolezo chake, alichokikata kutoka boksi la majani ya chai, sawa na ukucha wa kidole gumba. Alimzungushia penseli tu.

Mbithe alikuwa na binti mmoja, Eve, wa miaka saba, na kitanda chake kilikaa kando ya ule ukuta. Mtoto akaanza kuogopa. Ukuta unasema, alilia. Kweli ulikuwa unasema: tak, kimya kirefu, tak tena. Mbithe alimpeleka kwa jirani.

"Hao ni vijitu, mama," Waruguru akamwambia, akimpakata. "Wanashikilia nyumba kwa migongo. Ukisikia tak, ujue mmoja amebadilisha bega."

Eve akalala usingizi mnono tangu siku hiyo. Mbithe alileta chapati nne kushukuru. Ploti nzima ikaupenda ufa. Watoto walikuja kuuamkia. Na ulivyozidi kupanuka, Waruguru alifurahi, Mungu amsamehe, kwa sababu kila mwezi alipata nafasi ya kuchora vitu vikubwa zaidi. "Ukuta unanipanulia kiwanja," alijisifu.

Alhamisi moja ya mwezi wa tano, Leyla, mwenye duka la vitabu mjini, alimpigia simu. Alitaka kutengeneza kalenda. Aliomba picha zote, zikiwa zimepangwa kwa tarehe. Waruguru alizigeuza, akasoma tarehe nyuma, akazipanga kitandani moja baada ya nyingine, mwezi wa kwanza kwenye mto, wa tano miguuni. Akarudi nyuma hatua mbili azitazame kwa pamoja, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Mwezi wa kwanza, panya alikuwa nje, anachungulia, pua tu ndiyo imeingia. Wa pili kichwa kimeingia. Wa tatu amejipitisha kiubavu, tumbo amelivuta ndani. Wa nne anatembea wima, kofia kichwani. Wa tano anapishana na mkokoteni wenye robota tatu za mitumba, na nafasi imebaki.

Panya alikuwa yule yule.

Waruguru aliketi. Kisha akasimama, akaenda ukutani, akatia kidole gumba ndani ya ufa. Kikaingia chote.

Alimkuta Ochola kwenye ngazi, akamvuta kwa mkono hadi kitandani.

"Niaje mathe, nimechorwa tena?"

"Tazama huyu panya. Huyu. Halafu huyu."

Ochola alitazama. "Wako poa. Huyu wa kofia ni nani, mwenye nyumba?"

"Ochola! Ufa unapanuka. Nyumba inafunguka."

"Mathe, hizi ni katuni."

"Panya ni katuni. Ufa ni wa kweli, nimeusugua kwa penseli."

"Sasa niende nimwambie mwenye nyumba panya amekonda?"

"Hajakonda! Angekuwa amekonda nisingekuita!"

Wanawake waliokuwa wakinywa chai walicheka mpaka mmoja akamwagikiwa. Lakini Ochola alipiga simu, na kesho yake akaja fundi na ndoo mbili za saruji. Aliupiga ufa plasta pande zote mbili, akapaka rangi nyeupe, na hadi saa kumi ukuta ulikuwa laini kama yai. Majirani wakamwambia Waruguru, haya, umeridhika? Wengine hawakufurahi. Serikali wakisikia nyumba ina kasoro watatufukuza sote, mama mmoja alisema, na wewe utakuwa umetusaidia nini?

Jumamosi Waruguru alifunga godoro na kulipeleka kwa binamu yake Dandora. Moyo wake haukutoka kwenye ploti, lakini. Ulibaki upande wa pili wa ukuta.

"Njoo tukae Dandora," alimwambia Mbithe. "Wiki mbili tu."

Mbithe hakuinua mguu kwenye cherehani. "Na sare sitini nizishonee Dandora? Shule zinafunguliwa. Umeme wa huko ni wa kuazima."

"Nyumba itaanguka, Mbithe."

"Waruguru." Alikata uzi kwa meno. "Mwaka jana ulituambia Hodo ameolewa kisiri na mwenye lori. Tukanunua mpaka zawadi."

"Hilo nilisikia vibaya."

"Ukasema maji ya tangi yana mamba."

"Hiyo ilikuwa picha!"

"Ndiyo hivyo. Kwako kila kitu ni picha. Mimi nikitaka kujua kitu, nakipima." Akaligonga futi lake la kushonea, lililoning'inia shingoni.

Waruguru angemwonyesha pale pale, lakini picha zilikuwa zimefungwa Dandora, na kusema kweli alikasirika. Akawaza kwa njia aliyoizoea, ya kujaza watu. Kama hawatoki kwa woga, watatoka kwa kujipenda. Akapiga simu, akatuma ujumbe, habari ikazunguka orofa zote sita: Jumapili alasiri, uwanjani mbele ya ploti, chai na mandazi, na kila aliyechorwa aje achukue picha yake, bure.

Walitoka wote. Hata mzee wa orofa ya tano asiyetembea vizuri alishushwa na kiti chake. Waruguru aligawa picha mkono kwa mkono huku macho yake yakiwa kwenye jengo. Hodo alilibusu birika lake. Eve alipewa ya watoto wanaoteleza kwenye upinde wa mvua kwa trei. Saa tisa, saa kumi, saa kumi na moja. Jengo lilisimama, limeanika nguo zake, halikusema neno. Chai ikaisha. Mzee akaomba arudishwe.

"Sherehe tamu," Mbithe alisema akimshika Eve mkono. "Nyumba ianguke kila Jumapili."

Wakapanda wote.

Jumatatu asubuhi Waruguru alirudi. Plasta mpya ilikuwa imekatika kutoka juu hadi chini, kingo mbili zimeachana, na vumbi jeupe limetanda sakafuni kama unga. Mlango wa Mbithe ulikuwa unagoma kufunga. Alitoa karatasi, akasugua penseli pale pale kwenye usawa wa swichi. Halafu akataka kulinganisha, na ndipo akakumbuka alichofanya. Ushahidi wake ulikuwa ule mstari wa kitandani, na mstari ule alikuwa ameugawa mwenyewe, kama mandazi.

Akaanza kugonga milango. "Niazime tu." Wengi walikuwa kazini. Wengine walikataa, ulinipa, ni yangu, mbona wewe una tabia ya watoto? Hodo alimpa bila kuuliza. Eve akatoa yake. Kufikia saa nane alikuwa na picha sita, za mwezi wa pili hadi wa nne. Alizitandaza juu ya meza ya Mbithe, juu ya sare zilizokatwa.

"Pima," akasema.

"Nini?"

"Usinisikilize mimi. Pima."

Labda ni vile sauti yake haikuwa na madoido siku hiyo. Mbithe alivua futi shingoni. Akapima upana wa ufa kwenye picha ya mwezi wa pili, akaandika kwa chaki mezani. Akapima ya mwezi wa tatu. Ya mwezi wa nne. Akachukua karatasi ya asubuhi ile, penseli yake bado inapaka vidole, akapima mara mbili. Halafu akaenda ukutani akapima ukuta wenyewe. Fundi wa nguo anajua maana ya nusu inchi. Sketi nzima ya mtoto inaweza kuharibika kwa nusu inchi.

"Umeongeza robo inchi tangu fundi aje," alisema polepole. "Siku tatu."

Ukuta ukasema tak.

"Wanashikilia, mama," Eve akasema kutoka kitandani. "Anti alisema."

Waruguru hakuweza kumtazama. "Anti alidanganya," akasema. "Vaa viatu."

Mbithe hakuchukua cherehani wala sare hata moja. Aliteremka na mtoto, akavuka barabara, akamkabidhi Waruguru mkono wa Eve. Kisha akageuka.

"Unaenda wapi?"

"Kuwaambia."

"Nimewaambia tangu Alhamisi!"

"Wewe, ndiyo," Mbithe akasema, bila ubaya. "Mimi sijawahi kuwadanganya."

Na ni kweli walimwamini. Waruguru alisimama ng'ambo akamshika Eve, akaona watu wanaanza kutoka. Hodo na mashuka kichwani. Mama yule aliyeogopa kufukuzwa, na mapacha wake wamevaa taulo. Vijana wa orofa ya kwanza. Ochola alitoka mbio akipiga kelele watu wasisimame mlangoni. Kila aliyeulizwa alijibu jambo moja: Mama Eve amesema, Mama Eve amepima. Kila orofa iliyotoa watu, Mbithe alipanda nyingine. Waruguru alimwona kwenye dirisha la ngazi la orofa ya nne, kisha la tano. Aliita jina lake kwa nguvu zake zote. Mbithe alitoa kichwa, akaonyesha kwa mkono kwamba yuko na mzee, wanakuja pole pole.

Haikuwa sauti kubwa mwanzoni. Ilikuwa kama mtu anayerarua shuka jipya. Upande wa kushoto ulikaa chini, ukakaa kabisa, na upande wa kulia ukaufuata. Halafu vumbi, na hakuna aliyemwona mwenzake.

Watu hamsini na saba walisimama uwanjani jioni ile, wakahesabiana, wakahesabiana tena. Waliokosekana walikuwa wanne.

Mbithe walimfikia Jumatano alfajiri, kwenye kilichokuwa ngazi, yeye na mzee pamoja. Ochola ndiye aliyemtambua. Alikuja hadi ukumbi wa kanisa walikolazwa wapangaji, akasimama mbele ya Waruguru, akavua kofia.

Eve alikuwa ameketi kwenye mkeka na Hodo, anakunywa uji. Siku mbili zile watu walikuwa wamemwambia mengi: mama yuko hospitali, mama anatafutwa, mama atakuja. Kila aliyekuja alimtazama Waruguru kwanza, akingoja aseme yeye, kwa kuwa maneno yalikuwa kazi yake. Na maneno yalikuja. Yalijipanga mdomoni yenyewe, mazuri, yenye mabawa: mama amekwenda mahali, mama amekuwa kitu fulani, mama anakutazama. Angeweza kumpa mtoto usingizi kwa miaka mitatu.

Alipiga magoti kwenye mkeka.

"Eve. Mama amekufa."

Mtoto alishusha kikombe. Alimtazama usoni kwa makini, kama mtu anayemjua mtu wake, anayejua kwamba baada ya sentensi kama hiyo hufuata nyingine.

"Halafu?"

"Hakuna halafu. Nyumba ilimwangukia. Amekufa."

"Ni hadithi?"

"Si hadithi."

Hodo alianza kulia, akajifunika na mtandio. Eve hakulia. Aliendelea kumtazama Waruguru, akitafuta.

"Sema tena," akasema.

Waruguru akasema tena.