Wino Katika Picha za Wajane

Jumatatu ya pili ya Februari, mwaka 1996, Dolphine Akeyo alifungua mlango wa mabati wa jumba la maonyesho, akafagia, kisha akachukua kitambaa na kuanza kupangusa vioo vya picha zake. Jumba lenyewe zamani lilikuwa stoo ya samaki, hatua chache kutoka gati la Homa Bay. Mwenye jumba, Mulki, aliyekuwa na duka la vitambaa mjini, alikuwa amewapangisha yeye na mchoraji mmoja wa Awendo aitwaye Elkana kwa miezi mitatu. Elkana alitundika michoro kumi na miwili ya malori ya miwa. Dolphine alitundika picha thelathini, nyeusi na nyeupe, za wajane wa vijiji vya ufuoni, kila mmoja ameketi mbele ya nyumba yake, mikono juu ya magoti.

Alipofika kwenye picha ya tano aliona kwamba kidole gumba cha kulia cha Mama Pauline kina wino. Alipangusa. Wino haukutoka, kwa sababu haukuwa kwenye kioo. Ulikuwa kwenye kidole.

"Labda dawa ya kusafishia picha ilikuwa imeharibika," Elkana alisema.

Jioni ile Dolphine alisafisha picha nyingine kutoka filamu ileile, kwa dawa mpya. Kidole kilitoka na wino.

Alhamisi wapimaji walifika shambani kwa Pauline na mnyororo wao wa kupimia. Walimwonyesha karatasi ya Kamati ya Mashamba ya Ufuo, iliyosema kwamba ameuza ekari zake mbili kwa mtu wa Nairobi anayetaka kujenga ghala la barafu. Chini ya karatasi kulikuwa na alama ya kidole gumba. Pauline aliwaambia hajawahi kubonyeza kidole mahali popote. Wapimaji walisema hilo si swali lao, wakaendelea kupima.

Wiki iliyofuata picha ya nane na ya ishirini na mbili ziliingia wino, na wapimaji wakaenda huko pia. Baada ya hapo hakuna aliyehitaji kuelezwa. Wajane walianza kuja asubuhi na mapema, wengine wametembea saa tatu, viatu mkononi. Waliingia, wakatazama kidole chao, wakatoka. Waliokuta kidole safi walipitia sokoni wakanunua nyanya, wakarudi nyumbani. Waliokuta wino walikaa kidogo kwenye benchi ambalo Mulki alilileta kutoka dukani kwake. Elkana alihamishia michoro yake ukuta wa nyuma, kisha akaandika nambari kwa rangi nyekundu chini ya kila picha ya Dolphine, ili wasioona vizuri wasihangaike kutafuta.

Pauline alipeleka malalamiko mbele ya Kamati. Alimwomba Dolphine amtolee ushahidi, na Dolphine akaishusha picha ya tano, akaifunga kwa leso, akaenda nayo. Wanakamati walikuwa wanaume tisa kwenye viti vya plastiki. Katibu wao, Stanley Oloo, alikuwa mtu mpole mwenye sauti ya chini. Aliipokea picha kwa mikono miwili na kuitazama kwa muda mrefu.

"Ulipiga hii lini?"

"Desemba, Bwana Katibu. Siku hiyo mkono wake haukuwa na wino. Wino umekuja mwezi huu, hata kabla hatujasikia habari ya kuuza."

"Lakini sasa upo."

"Upo."

Katibu alimgeukia Pauline. "Mama, hii kidole kwa picha ni yako?"

"Ni yangu."

"Na ina wino?"

"Ina wino."

"Andika amekubali," Katibu alimwambia karani. Kisha akamrudishia Dolphine picha yake na kumshukuru kwa kuja.

Walirudi wawili hao kwa miguu. Karibu na gati Pauline alisema hamlaumu. Dolphine alitamani angelaumiwa.

Barua ya Kamati ilifika kesho yake. Ilieleza kwamba picha thelathini zilizomo katika jumba hilo ni vielelezo vya ushahidi, na kwamba zisiondolewe bila ruhusa. Kuanzia siku hiyo karani alikuja kila asubuhi na faili, akapita mbele ya picha moja baada ya nyingine, akatia alama kila palipokuwa na wino. Alikuwa kijana mwenye adabu. Alifuta miguu mlangoni.

"Nitazichoma," Dolphine alimwambia Mulki.

Mulki alikuwa akikunja vitambaa. "Ukizichoma, dada, hawa wamama watajulia wapi? Sasa hivi angalau wanapata siku moja ya kuvuna kabla ya mnyororo."

Dolphine alifikiria hilo usiku na mchana. Picha alizipiga kwa sababu alipenda mikono ya wanawake wale. Hakuwa na sababu nyingine. Hakuzichoma.

Picha ya kumi na saba ilikuwa ya mama yake, Jerusha. Kidole chake kilikuwa bado safi. Jumapili moja mwezi Machi Dolphine alikwenda nyumbani na kamera, akamkuta mama yake akipalilia mtama.

"Nataka kukupiga tena, mama. Safari hii ficha mikono."

Jerusha hakuuliza sababu. Aliketi kwenye kigoda, akaizungusha leso mara tatu kwenye mikono yote miwili, akatazama kamera.

"Wataona nimeficha," alisema.

"Waone."

Dolphine alisafisha picha hiyo na kuitundika mahali pa ile ya zamani. Karani aliitazama, akaandika kitu. Siku nne ilikaa vizuri. Siku ya tano doa dogo jeusi lilitokea kwenye leso, upande wa kulia. Kufikia saa nne lilikuwa limepenya mikunjo yote na kuenea kama kiganja. Dolphine alifunga jumba, akaenda nyumbani, akamsaidia mama yake kuvuna mtama uliokuwa bado mchanga.

Wapimaji hawakufika siku iliyofuata, wala ile ya pili yake. Aliyefika ni karani, na barua ya kumtaka Jerusha ahame ndani ya siku kumi na nne. Alimsomea yote, taratibu, kisha akafungua kitabu cha kupokelea na kibati chenye sponji ya wino.

"Hapa, mama. Ya kuonyesha umepata barua."

"Mnataka kidole gani?"

"Gumba. Ya kulia."

Jerusha alibonyeza kwa uzito, kama mtu asiyejua ni nguvu kiasi gani inahitajika, kwa kuwa hakuwahi kufanya hivyo maishani mwake. Dolphine alichukua mkataba wa kuuza shamba la mama yake uliokuwa kwenye faili ya karani, akauweka kando ya kitabu. Alama ya mkataba ilikuwa pana, ya mtu mwenye mkono mkubwa, na ilikuwa na kovu katikati. Ya Jerusha ilikuwa nyembamba, bila kovu.

"Hazifanani," Dolphine alisema.

Karani aliinama akaangalia zote mbili kwa makini.

"Naona," alisema.

Alifunga kibati, akarudisha mkataba kwenye faili, akaomba maji ya kunywa. Jerusha alikwenda ndani akamletea. Karani alikunywa yote, akashukuru, kisha akauliza nyumba ya mjane mwingine, Mama Risper, iko upande gani.