Siku Tano za Mwezi Mpevu

Mwaka 1999 nilimwacha mtu mwingine abebe uongo wangu mbele ya watu zaidi ya sitini, mchana kweupe, ufukweni Katonga. Naanza na hilo ili usisome ukidhani kuna shujaa anakuja. Mimi ni Aikande, ofisa uvuvi, mzaliwa wa Machame milimani, niliyepelekwa Kigoma kwa barua ya serikali yenye mistari mitatu.

Kulikuwa na mradi, umelipiwa na kodi za watu wa nchi za mbali ambao ziwa letu hawajaliona hata kwenye kalenda. Ulifanya mambo mawili. Uliwajengea akina mama wa Katonga vichanja vya kuanikia dagaa, waache kuanika mchangani, na ulisomesha watu. Awamu ikiisha, kituo chetu kingepeleka wawili masomoni: ofisa mmoja akachukue shahada ya uzamili ng'ambo, na msaidizi mmoja akamalizie shahada ya kwanza Dar es Salaam. Ofisa nilikuwa mimi, maana hapakuwa na mwingine. Msaidizi alikuwa Amuri.

Amuri alikuwa mkimbizi. Vita vilimkuta mwaka wa pili chuoni huko Kongo, akavuka ziwa na vyeti vyake vimefungwa nailoni kifuani. Kuna watu walivuka na magodoro, na kuna mmoja alivuka na kuku. Yeye alivuka na vyeti. Nafasi ile ya Dar ndiyo aliyokuwa akiishi kwa ajili yake, na wala hakuificha. Kibali chake cha kukaa nje ya kambi na kufanya kazi Katonga kilitolewa upya kila mwezi, kwa sahihi yangu.

Kazi yake ilikuwa kuhesabu mabeseni ya dagaa yanayoshushwa kila asubuhi na kuyaandika kwenye fomu. Fomu ilikuwa na mstari mmoja kwa kila siku ya mwezi. Kila mwezi Amuri aliacha mistari mitano hivi bila tarakimu, akachora kiduara kidogo katika kila mmoja.

"Siku tano hizi ulikuwa wapi?" nilimuuliza mara ya kwanza.

"Nilikuwa pale pale, mama. Ni siku za mwezi. Hakuna mtumbwi ulitoka."

Alikuwa sahihi, na nilijua. Dagaa wa Tanganyika huvuliwa kwa karabai. Usiku wa giza wanaifuata taa, wanajazana wavuni. Mwezi ukipevuka, ziwa zima linang'aa na taa haina maana tena, kwa hiyo wavuvi hubaki nchi kavu, wakashona nyavu, wakalala na wake zao, wakaozana. Mtoto wa Katonga anajua hilo kabla hajajua kuhesabu hadi kumi. Mimi nilikuwa na mwaka wa pili Kigoma, na nina shahada ya uvuvi, kwa hiyo sina pa kujificha.

Kisha makao makuu ya mradi yakaandika kwamba takwimu zetu zina mapengo, na kwamba kituo chenye mapengo hakitapendekezwa kwa masomo. Tulipewa hadi Ijumaa.

"Jaza," nilimwambia Amuri. "Weka wastani. Nani atajua?"

"Mama, siwezi andika samaki yenye sikuona."

Aliyasema kwa upole, macho chini, na upole ule ndio ulionichoma. Ningeweza kuandika aya moja tu kuwaeleza wale mabwana habari za mwezi. Aya moja! Lakini niliona watadhani natafuta visingizio, na mimi masomo yale niliyataka kama mtu mwenye njaa. Nilichukua fomu mpya za miezi kumi na moja, nikafunga mlango wa ofisi, nikazinakili zote upya, kana kwamba zile za kwanza zilikuwa rasimu tu. Kwenye viduara niliweka tarakimu. Na kwa kuwa jina lake lilikuwa juu ya kila fomu, niliiga mwandiko wake. Sikupanga kumsingizia. Ila mkono wangu ulikuwa umeshaanza kazi hiyo.

Novemba akaja mtathmini, Dokta Restituta, mhadhiri kutoka Dar, mwanamke mfupi asiye na papara. Alikuwa na desturi ya kuwasomea wananchi takwimu zao wenyewe. Tulikusanyika Katonga, kati ya vichanja. Wavuvi, wachuuzi, maofisa wa wilaya kwenye viti vya plastiki. Dokta akabandika karatasi kubwa na kuanza kusoma.

"Agosti, tarehe ishirini na sita, mabeseni mia mbili na kumi."

"Dokta, rudia hapo," alisema Mwanaima. Huyu ni mchuuzi wa dagaa, mama wa Ujiji ambaye babu zake walitoka ng'ambo ya ziwa, na kama ana neno hulisema. "Tarehe ngapi?"

"Ishirini na sita."

"Mbona siku hiyo nilikuwa namwoza binti yangu? Mwezi umejaa, Katonga nzima iko arusini kwangu. Hayo mabeseni mia mbili alivua nani, mashetani?"

Watu wakaangua kicheko. Mwanaima akanigeukia. "Na mama ofisa si ulikuwepo? Si ulikula pilau, ukafungiwa na la nyumbani?"

Wakacheka zaidi. Na mimi nikacheka. Hadi leo nikikumbuka kwamba nilicheka, nasikia joto masikioni.

Dokta hakucheka. "Fomu hizi alijaza nani?"

Amuri alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, hatua nne kutoka kwangu. Alinitazama, hakunikazia macho, alinitazama tu kama mtu anayesubiri zamu yake ifike.

"Aikande?" Dokta aliuliza tena.

"Jina lipo kwenye fomu," nilisema.

Basi. Maneno manne. Ofisa mmoja wa wilaya akaguna na kusema hawa wakimbizi ndivyo walivyo, ukiwaamini wanakuponza. Amuri alisimama, akapangusa suruali.

"Kama jina ni yangu, basi ni mimi," alisema.

Alasiri ile niliandika barua ya kumwachisha kazi kwa kughushi takwimu. Asiye na kazi hakuwa na kibali, kwa hiyo gari la mradi lilimrudisha kambini siku ile ile. Kabla hajapanda, alinikabidhi ufunguo wa stoo, akanionyesha fomu za mwezi ule zilipofikia, ili atakayechukua nafasi yake asipate taabu. Aliniaga vizuri. Laiti angenitukana.

Asubuhi nilimfuata Dokta nyumba ya wageni, nikamkuta anakunywa chai. Nilimwambia yote, nikilia, tena kilio cha makamasi.

"Nilijua," alisema. "Fomu za mwanzo, zile zenye viduara, nakala zake zilishafika Dar kabla hujaleta hizi zako."

"Sasa mbona hukusema jana?"

"Nilikuuliza mara mbili."

Nikapangusa makamasi, nikauliza, "Na nafasi yangu ya masomo itakuwaje?"

Akaweka kikombe chini. "Hilo ndilo swali lako la kwanza?"

Alinipa karatasi, nikaandika kwamba aliyeghushi ni mimi, nikatia sahihi. Akasema atajaribu kumwokolea Amuri nafasi yake, ila hakuahidi, na kibali kikishafutwa hakirudi kwa barua yangu. Akasema pia niende Katonga nikaseme mbele ya watu wale wale.

Nilikwenda. Niliyasema nimesimama pale pale kwenye vichanja. Nilitegemea wazomee. Hakuna aliyezomea. Mwanaima aliendelea kugeuza dagaa wake.

"Tunajua, mama," alisema. "Amuri si mtu wa kuandika uongo. Ndiye anatuandikia barua wote hapa, na hata neno moja ambalo hatukulisema haongezi."

"Kwa nini hamkusema?"

"Tulitaka. Mkutano ulipokwisha alitukataza. Alisema kuna wakimbizi wenzake sita hapa wana vibali vyenye sahihi yako, ukiudhika, nao watarudishwa kambini." Akageuza dagaa wengine. "Haya, sisi umetuambia. Na yeye je? Jana alikuwa amekaa hapo."

Nilimwahidi nitakwenda kambini. Niliahidi kwa sauti kubwa, watu wasikie.

Baada ya wiki chache Dokta aliandika: nafasi ya Dar ilikuwa imeshapewa kituo kingine. Mimi nilipewa onyo, na masomo yakabaki yangu, kwa sababu serikali haikuwa na ofisa mwingine wa kupeleka. Niliisoma barua ile nimesimama, kisha nikaisoma tena nimekaa.

Gari la mradi lilikwenda kambini kila Jumanne, mwendo wa saa mbili na nusu za vumbi. Jumanne ya kwanza nilikuwa na malaria. Ya pili nilisema nina mgeni. Ya tatu na ya nne sikusema kitu, nilijifungia ofisini hadi nikasikia gari limeondoka. Jumanne ya saba, ikiwa imebaki wiki moja nisafiri, nikapanda.

Karani wa langoni alipitisha kidole kwenye daftari. "Amuri huyu hajachukua mgawo wiki ya tatu sasa. Wenzake wanasema amevuka, amerudi kwao."

"Kwao kuna vita," nilisema.

"Ndiyo, kuna vita," alinijibu karani, akafunga daftari.

Wiki tatu. Ningekuja Jumanne yoyote kati ya zile nne za mwanzo, ningemkuta. Hilo nililijua palepale, na lilipaswa kuniangusha chini. Lakini kitu nilichokisikia kwanza moyoni, kabla ya huzuni na kabla ya hofu juu yake, kilikuwa nafuu, kwamba sitalazimika kumtazama usoni.

Dereva akaniuliza kama tusubiri. Nikamwambia ageuze gari.